Barua Kutoka Mbeza

Siku mliyoniaga nilipostaafu, kabla hata keki haijakatwa, mlikuwa mmekwisha kugawanyika pande mbili. Wa dirishani walitaka kompyuta mpya za ofisi ziwekwe ule mfumo wa kununua, ambao kila mtu anao na kila mtu anaulalamikia. Wa mlangoni walitaka ule wa bure, ambao kila mtu anausifu na hakuna aliyewahi kuutumia. Mhasibu alisema wa kununua una sura nzuri. Fundi wenu wa mtandao alisema wa bure hauingiwi na virusi. Bosi, kama kawaida ya mabosi, akasema tuunde kamati. Mimi nilikuwa nimeshika kisu cha keki, natabasamu, nanyi mkadhani natabasamu kwa sababu ya kuagwa.

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Rehema wa mapokezi, ambaye ndiye anayeshinda mbele ya hicho chombo tangu asubuhi mpaka jioni. Yeye alikuwa anapanga sahani. Mlipochoka kubishana mkanigeukia mimi: "Mama, wewe nyumbani unatumia mfumo upi?" Nikawajibu nitawaandikia. Haya, nimeandika. Vyeo sitavitaja, maana havikuwa na maana hata nilipokuwa navyo. Mishahara mnaijua.

Nilianza kazi Iringa, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, katika shirika moja la mazao ambalo limekwisha kufa na halina aliyelililia. Ofisi ilikuwa kilimani, baridi inaingia kwa chini ya mlango. Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kuazima na cheti cha shule, nikidhani nitapewa meza. Nilipewa pini. Mkuu wa chumba cha chapa, Bi. Paulina, Mbena mmoja mrefu asiyecheka kabla ya saa ya chai, aliitikia salamu yangu ya "kamwene" bila kuinua macho, akanionyesha taipureta yenye vumbi.

"Anza na a," akasema. "Safisha mpaka tundu lake lionekane."

Nilidhani ananidharau. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Kiswahili kinaila herufi a kuliko zote. Riboni inaacha nyuzi na wino ndani ya kile kitundu, na barua inatoka kama imepigwa na mtu mwenye matope mikononi. Kila asubuhi kabla ya salamu ya pili tulichokoa a kwa pini, tukapiga brashi, tukapangusa roli linalovuta karatasi. Wanaume wa ofisi ile walituita "akina mama wa kuosha vyombo." Barua zao lakini walizitaka safi.

Kisha akanifundisha vidole. Alinifunika mikono kwa kitambaa cha meza na kunisomea gazeti. Nikichungulia chini ya kitambaa, ananigonga kwa rula, si kwa nguvu, ila kwa uhakika. "Macho ni ya karatasi, vidole ni vya mashine," alikuwa akisema. "Ukiangalia chini, mwanangu, wewe si mpiga chapa. Wewe ni mtu anayetafuta kitu amedondosha." Kufikia mwisho wa masika vidole vyangu vilikuwa vinajua njia. Ungeniuliza y iko wapi nisingeweza kukujibu kwa mdomo, lakini kidole kingekwenda chenyewe. Likumbukeni hilo, maana habari yote imekaa hapo.

Nilihamishiwa Mbeya. Ofisi yetu kule ilikuwa chini ya mlima Loleza, na meneja wetu wa mkoa aliitwa Ndugu Ambakisye. Sitamsema vibaya zaidi ya anavyostahili. Alikuwa mtu mnene wa sauti, mwenye kalamu mbili mfukoni, na aliamini kwa dhati kwamba kusoma barua kabla ya kuitia sahihi ni kutowaamini watu wa chini. Mwaka ule ilikuja ruhusa ya kubadilisha taipureta zote za mkoa. Kukawa na aina mbili za kuchagua. Moja ilikuwa ya kijivu, nzito, kama zile zile tulizokuwa nazo. Nyingine ilikuwa mpya kabisa, ya Kijerumani, rangi ya majani ya chai, na sanduku lake lina kufuli.

Wakaunda kamati. Ndani yake alikuwamo Meneja, Afisa Mipango, na mtunza stoo. Wapiga chapa hatukuwamo. Mimi niliitwa kuleta chai, na kwa kuwa birika lilikuwa kubwa na wao walikuwa wanywaji, niliusikia mkutano mzima.

Mtunza stoo alizinyanyua zote mbili, moja kila mkono, kama mtu anayepima kuku. "Hii ya kijani ni nyepesi," akasema. Afisa Mipango alipenda kufuli. Halafu akagundua kwamba ile ya kijani ina herufi za ziada, a na o na u zenye vitone viwili kichwani.

"Hii imezidi herufi," akasema. "Ile ingine imepungukiwa. Sasa sisi tutanunua mashine imepungukiwa, kwa nini?"

Ndugu Ambakisye akavuta kiti, akainama juu ya ile ya kijani, akalipiga jina lake kwa kidole kimoja. Alitafuta kila herufi kwa macho, akaipata, akaitwanga, akaenda kuitafuta nyingine. Chai yangu ilipoa kabla hajamaliza. Jina likatoka barabara, bila kosa. Akaichomoa karatasi na kuwaonyesha wenzake.

"Mnaona? Hii mashine haikosei."

Wakapitisha. Mimi nikakusanya vikombe. Laiti mmoja wao tu angesema, "Twilumba, weka birika chini, kaa hapa, piga hata mstari mmoja," ubaya wote ungeonekana kabla birika halijapoa. Lakini mtu anayetafuta herufi kwa macho ataipata popote ilipofichwa. Walichagua mashine kwa ajili ya watu wasiojua kupiga mashine, na kwa watu hao kweli ilifaa sana.

Zilipokuja, zile za zamani zikapakiwa kwenye lori na kurudishwa stoo ya makao makuu, Iringa. Asubuhi yake nilikaa, nikaingiza karatasi mbili na kaboni katikati, nikaanza kukimbiza vidole kama nilivyofundishwa. Nilipoinua barua niisome, pale juu ambapo barua zote za serikali na mashirika huanza na YAH, palikuwa pameandikwa ZAH. Chini yake kulikuwa na shirika la umma la Tanyania. Wazee wa kijiji walikuwa wayee. Na mahali pa anuani yetu, kwa herufi kubwa nzuri za Kijerumani, palikuwa na MBEZA.

Wale jamaa wa huko Ujerumani wanaiweka z mahali petu pa y, na y mahali petu pa z. Ndiyo tofauti peke yake iliyokuwa na maana. Kwao huenda ni jambo dogo. Kwetu sisi, watu ambao hatuwezi kumaliza sentensi bila "ya" na "za", ilikuwa kama kuwabadilishia watu kushoto na kulia.

Niliirudia ile barua polepole, naangalia chini, uso umenipata joto kwa aibu. Mwenzangu wa meza ya pili hakurudia ya kwake. Aliipeleka kama ilivyo, na Meneja, kwa ule upendo wake wa kuwaamini watu wa chini, akaitia sahihi. Wiki haikupita jibu likaja kutoka Iringa, na juu ya bahasha, makarani wa kule, ambao hawakuwa na kazi nyingi, walikuwa wameandika kwa mkono: Meneja wa Mkoa, Mbeza.

Ndugu Ambakisye alitoka ofisini kwake na bahasha mkononi. "Nani ananiita mbeza? Mimi nambeza nani?"

Nikamwambia hawakumtukana, wamenakili tu neno lililotoka kwetu. Nikamwonyesha vile vitufe viwili. Akaniangalia kwa huruma ambayo bado inanikera mpaka leo, akaketi kwenye kiti changu, akapiga kwa kidole kimoja, M, B, E, Y, A.

"Mashine ni mzuri," akasema akiinuka. "Mkono yako ndiyo ina tabu. Itazoea."

Mtashangaa kwa nini hapakuwa na kelele kubwa zaidi. Sababu ni sisi wenyewe. Kule Nyanda za Juu Kiswahili kila mtu amekifunga pamoja na lugha ya mama yake, na mambo ya "ya" na "za" hatuyapi uzito. Mtu anasema "nguo yangu zote" na anaeleweka, anasema "nyumba za baba" na baba ana nyumba moja, na hakuna anayefungua kamusi. Kwa hiyo nusu ya makosa ya ile mashine yalipita machoni pa watu yakiwa yamevaa nguo za nyumbani. Tuliomba Iringa watuletee taa za ofisi. Barua ikasema taa ya ofisi. Ikaja taa moja. Meneja akaiweka chumbani kwake na kulaumu ubahili wa Iringa, na sisi tukamaliza masika yale tukipiga chapa kwa mwanga wa dirisha.

Mikono yangu, nasema kwa masikitiko, ilizoea kweli. Mikono haina heshima, hata ukiipa upumbavu itazoea. Lakini mimi nilikuwa na mikono miwili ya kwanza, ya Iringa, imelala chini ya ile ya Mbeya. Tusekile hakuwa nayo.

Tusekile alikuja kwetu kutoka upande wa Tukuyu, msichana mwenye sauti ndogo na vidole virefu, akiwa amemwacha mtoto wake kwa mama yake. Aliajiriwa kwa majaribio. Nilimfundisha mimi, kwa kitambaa kile kile na rula, juu ya mashine ya kijani, kwa kuwa hapakuwa na nyingine mkoa mzima wa ofisi yetu. Alikuwa mwepesi kunishinda. Kumsikiliza akipiga kulikuwa kama kusikia mvua ya mabati, hakuna kusita. Lakini ili athibitishwe kazini alitakiwa kufanya mtihani wa kupiga chapa, na mtihani ulifanyikia Iringa, kwenye zile mashine za kijivu. Ukianguka mara mbili unarudi kwenu.

Mara ya kwanza alikwenda peke yake. Alirudi na karatasi yake. Mwenyekiti alikuwa ameandikwa mwenzekiti, kazi imekuwa kayi, na kila palipotakiwa yeye palikuwa na zeze, mtu angedhani ni barua ya kikundi cha ngoma. Mistari yote imenyooka, nafasi zote sawa, kasi imepita iliyotakiwa. Alama nyekundu hazihesabiki.

"Dada, mimi nilikuwa naona kabisa naharibu," akaniambia. "Nikijizuia, naenda polepole kama Meneja. Nikiacha vidole, vinaenda Mbeya."

Nilikwenda kwa Ndugu Ambakisye. Nilimwomba kitu kimoja, aandike Iringa kwamba mtahiniwa wetu amefundishwa kwenye mashine ya namna nyingine, aruhusiwe kuitumia hiyo. Mistari mitatu tu. Niliahidi kuiandika mwenyewe.

"Nikiandika hivyo nimesema nini? Nimesema mashine nilichagua ni mbovu."

"Mzee, utakuwa umesema msichana anajua kazi."

"Kama anajua kazi, mashine yoyote anapiga. Mimi mwenyewe napiga yoyote."

Hapo nilisikia hasira ya kweli, ile inayokufanya masikio yazibe. Mtoto wa watu aende akalime chai ya wengine kwa sababu mtu mzima hataki kusema alichagua vibaya. Nilirudi mezani, nikakaa nikiiangalia ile mashine ya kijani na kufuli lake, na ndipo nikakumbuka jambo ambalo lilipaswa kunijia mapema. Fundi wa mashine za shirika alikuwa mmoja tu, na alikuwa Iringa.

Wiki ya mtihani wa pili nikamwandikia Meneja ombi la kupeleka mashine ya Tusekile kwa fundi, maana roli lake lilikuwa linateleza. Lilikuwa linateleza kweli, yalikuwa yanateleza yote. Na kwa kuwa Tusekile anakwenda huko huko, abebe yeye. Akatia sahihi kabla sijafunga mdomo, na akaongeza nauli ya mashine kukalia kiti chake yenyewe, isije ikagongwa. Yaani kwa ajili ya chuma alikuwa na huruma ya papo kwa papo. Kwa ajili ya mtu ilihitaji kikao.

Nilichukua ruhusa, nikaenda naye. Tuliifunga ile mashine kwa vitenge viwili kuikinga na vumbi la malori ya Zambia, tukaiweka katikati yetu. Pale Makambako, baridi inakata masikio, mama mmoja muuza viazi alitazama dirishani akasema, "Mfunike mtoto vizuri, hii upepo itamuua." Tusekile akaifunika vizuri. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akicheka tangu alipoanguka.

Msimamizi wa mtihani alikuwa Bi. Paulina, nywele zimeanza kuwa nyeupe, rula ile ile. Nilikuwa nimejiandaa kumwelezea mengi. Alifungua kitenge, akaitazama mashine ya kijani, akaweka vidole vyake juu ya vitufe bila kuangalia, akapiga neno moja. Akaisoma karatasi.

"Yesu wangu," akasema. "Nani amechagua hii?"

"Kamati, mama."

"Mpiga chapa alikuwamo?"

"Nilileta chai."

Akaisukuma mashine kwenye meza ya Tusekile. "Mimi nasahihisha karatasi," akasema. "Sijatumwa kusahihisha mashine. Kaa, binti, piga."

Nilingoja nje ukutani. Niliisikia ile mvua ya mabati tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukatika, na nikajikuta nalia kama mjinga mbele ya walinzi. Bi. Paulina alitoka na karatasi isiyo na alama nyekundu hata moja. Tusekile alinishika mikono yote miwili. "Ndaga, dada, ndaga fijo," akawa ananishukuru kwa Kinyakyusa, na mimi ambaye ni Mhehe nikaelewa kila kitu.

Laiti ningeishia hapo mngeona shirika letu lilikuwa na akili. Barua ya kuthibitishwa kwake ilikuja mwezi uliofuata, imeambatana na uhamisho. Kwa kuwa amefaulu vizuri sana, ameonekana anafaa chumba cha chapa cha Iringa. Kwenye mashine za kijivu. Meneja aliniita kunisomea kwa furaha, kana kwamba yeye ndiye aliyempeleka.

"Unaona? Mashine yetu imetoa mtu bora."

Tusekile alifungasha. Alipofika mlangoni akaniuliza, "Dada, sasa hii mikono nitaifanyaje?" Nikamwambia Bi. Paulina ana kitambaa.

Nyumbani, kwa taarifa yenu, natumia mfumo ule ule niliouzoea hapo ofisini, si kwa sababu ni bora. Alipokuja kijana wa duka kunieleza uzuri wa huo mwingine, nilimwomba anyamaze, nikakaa mbele yake, nikafumba macho, nikapiga ukurasa mmoja. Kisha nikausoma. Alidhani nasali. Kamati yangu ilikuwa na mjumbe mmoja, na mjumbe alikuwa anajua kupiga chapa.

Kwa miezi mingi hatukupata neno kutoka kwa Tusekile. Halafu siku moja, katika barua za asubuhi kutoka Iringa, kukawa na moja ambayo chini kushoto, pale mpiga chapa anapoacha herufi za jina lake, palikuwa na alama yake. Ilihusu riboni za mashine na ukaguzi wa stoo, mambo ya kawaida. Niliifungua mimi, kisha nikampelekea Meneja.

Ndugu Ambakisye aliishika mbali na uso, akasoma mstari wa kwanza, maana huo ndio aliokuwa akisoma kila siku. Akacheka mpaka kalamu zikatingishika.

"Ona! Ona hapa. Ati 'Meneja wa Mkoa, Mbeza.' Mpaka leo! Na huko wana ile mashine mlikuwa mnalilia. Si niliwaambia? Tatizo ni mkono."

"Kweli, Mzee," nikasema.

Akanirudishia niifaili. Nilisimama koridoni karibu na dirisha nikaisoma yote, polepole, kama Bi. Paulina alivyonifundisha kusoma kazi ya mtu. YAH ilikuwa YAH. Riboni zilikuwa "za", stoo ilikuwa "ya". Kazi ilikuwa kazi, wazee walikuwa wazee, Mwenyekiti alikuwa Mwenyekiti, na Tanzania ilikuwa Tanzania, mara mbili. Kitambaa kilikuwa kimefanya kazi yake. Kurasa mbili nzima, na hapakuwa na y wala z hata moja nje ya mahali pake, isipokuwa ile ya kwenye anuani.

Nikaitoboa, nikaiweka juu kabisa ya faili la Meneja, mahali ambapo yeyote atakayelifungua lazima aanze nayo.